Mjadala: Vitamu vya Krismasi vipunguzwe sukari na siagi, au viachwe vilivyo?

Mpishi wa keki, Kikwajuni

Assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo, kila mtu kwa salamu yake.

Kila Desemba hapa Unguja napokea oda za namna mbili. Wapo wanaotaka keki ya matunda iliyokolea kama walivyoizoea kwa mama zao. Wapo pia, na wanaongezeka, wanaoniambia nipunguze sukari kwa sababu mzee wa nyumba ana kisukari, au nitie siagi kidogo kwa sababu daktari amemkataza baba. Hoteli za pwani nazo zinatafuta mikate ya Krismasi ya Ujerumani na Italia iliyo myepesi. Na wapo wanaokasirika kabisa. Wanasema Krismasi ni siku moja, na mapishi ya watu hayaguswi.

Mimi nasema yaguswe, kwa sababu yameguswa siku zote. Tazameni stollen, mkate wa Krismasi wa mji wa Dresden, Ujerumani. Asili yake ni mkate wa mfungo. Majilio, yaani wiki za kungojea Krismasi, yalikuwa wakati wa kufunga, Kanisa likakataza siagi, na watu wakaukanda kwa unga, hamira, maji na mafuta. Watawala wa Saxony, nchi ya mji huo, wakapeleka maombi Roma, mpaka mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatoa barua ya kuruhusu siagi. Leo stollen yenye jina la Dresden lazima iwe na siagi isiyopungua gramu 500 kwa kila kilo ya unga, na zabibu kavu gramu 650. Sasa anayeoka stollen ya siagi kidogo amevunja mila ipi, ya kabla ya barua ile au ya baada yake?

Sharti langu ni moja: ukweli. Waitalia wana sheria ya mwaka 2005 inayotaka panettone, mkate wao wa Krismasi, iwe na siagi isiyopungua asilimia 16. Chini ya hapo huuzi kwa jina hilo, na mimi nawaunga mkono. Mkate mwepesi uitwe mkate mwepesi. Kinachonichoma roho ni keki kuandikwa "ya afya" eti kwa kuwa siagi imetolewa yakatiwa mafuta ya nazi. Yale mafuta yanayoganda, ambayo madaktari wa moyo wanatuonya nayo, yamo mengi zaidi kwenye mafuta ya nazi kuliko kwenye siagi. Na asali inayosifiwa badala ya sukari, Shirika la Afya Duniani linaihesabu fungu moja na sukari. Mteja analipa zaidi, na ugonjwa uko palepale.

Nileteeni hoja zenu.

Bibi, Mbweni

Mwanangu, umesema vizuri lakini umetupeleka mbali. Krismasi ya hapa si ya Dresden. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa, kwa hiyo sikukuu hii tunayo visiwani muda mrefu, na ina chakula chake: pilau, mkate wa kumimina, vileja, na keki iliyookwa kwa makaa juu na chini. Jirani zangu Waislamu hunipelekea sinia siku ya Idd, nami siku yangu huwarudishia. Sinia ile ni heshima ya mtu kwa mtu. Nikimpelekea jirani kileja kikavu kisicho na samli, atakipokea kwa adabu zake, lakini atajua nimembania. Mkitaka kupunguza sukari, punguzeni kwenye chai ya kila asubuhi. Sikukuu iacheni.

Mpishi wa hoteli, Paje

Naungana na bibi, kwa sababu nyengine. Dada, wewe unajua sukari haipo kwa ajili ya utamu tu. Ndiyo inayoshika unyevu keki isikauke, na ndiyo inayoipa rangi. Siagi nayo ndiyo inayoufanya mkate kama panettone uwe laini na uchambuke nyuzi nyuzi. Tuliwahi kuweka mezani panettone ya siagi kidogo, na wageni wakaiacha. Chakula kinachotupwa hakina afya kwa mtu yeyote.

Halafu tupige hesabu. Keki ya sukari gramu 200 ukiikata vipande kumi, kila kipande kina gramu 20. Ukipunguza robo, kinabaki na gramu 15. Gramu tano ni kama kijiko kimoja cha chai. Kwa kijiko kimoja tunaharibu keki? Mimi nakata vipande vidogo na mapishi nayaacha kama yalivyo.

Muuguzi, Chake Chake

Kaka wa Paje, hesabu yako ni ya mgeni wa hoteli anayekula kipande kimoja akaenda zake kuogelea. Sisi siku ya sikukuu tunazunguka. Nyumba ya kwanza keki, ya pili kaimati zinazoogelea kwenye shira, ya tatu soda, ya nne vileja, na kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Kipande kidogo kwa nyumba sita si kidogo tena. Kile kijiko unachokidharau kinakuwa vijiko sita.

Na sita ni nyingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari inayotiwa, pamoja na asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, yaani kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Vijiko sita vya gramu tano tano vinaipita nusu hiyo.

Bibi yangu, shikamoo. Chai nakubaliana nawe moja kwa moja. Lakini wagonjwa wangu wa kisukari hawaogopi chai, maana chai wanainywa bila sukari. Wanachokiogopa ni siku ya sinia, wakae peke yao wakati wenzao wanakula. Akipelekewa kitu anachoweza kukionja, hiyo nayo ni heshima. Tahadhari moja tu kwa wanaokimbilia tende: tende kavu karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Zina faida zake, lakini mwenye kisukari asile mkate wa tende kama dawa.

Muuza halua, Wete

Leo keki ya Krismasi, kesho mtanijia mimi. Halua ni sukari, wanga, samli na viungo. Sukari ndiyo inayoifanya ikae wiki kadhaa bila friji. Nikiipunguza, inaharibika dukani na hasara ni yangu. Wanaozungumza afya wazungumze na hilo.

Mpishi wa keki, Kikwajuni

Ami wa Wete, kwako sina jibu, na sitakudanganya. Halua siigusi. Hapo namfuata kaka wa Paje: kipande kidogo, na kahawa chungu.

Keki ya matunda ni jambo jengine. Waingereza hupika pudini yao takriban wiki tano kabla ya Krismasi, na sukari, matunda makavu na brandi ndivyo vinavyoilinda. Sisi tunaoka leo tunakula kesho kutwa, kwa hiyo sukari ya kuhifadhi hatuihitaji. Kipimo changu: unga gramu 250, siagi 180 badala ya 250, sukari 150 badala ya 200, mayai manne. Zabibu naziroweka usiku kucha kwenye maji ya machungwa na chai ya rangi, na unyevu uliopotea kwa kupunguza sukari unarudi hapo. Bila pombe, jirani yeyote anakula. Hiliki, mdalasini na karafuu naongeza, maana viungo huufanya ulimi uhisi utamu zaidi ya ule uliopo. Baada ya siku tatu iwe kwenye friji, joto la Desemba mnalijua.

Bibi, hiyo haikauki. Nakuletea.

Bibi, Mbweni

Ilete nionje. Ikiwa nzuri, nitampelekea mama wa nyumba ya pili, ambaye miguu imemvimba kwa kisukari. Lakini vileja vyangu natia samli ileile, na hilo tusiligombanie tena.