Meno ya tembo yaliyo ghalani, na tembo walio hai: tuuze, tuchome, au tukae nayo?

Mzani: Wakuu, salaam. Najua hoja hii itapigwa mawe lakini naitupa. Botswana peke yake ina tembo takribani 130,000. Kila mwaka baadhi yao hufa kwa uzee na ukame, meno yao hukusanywa, hupimwa, hufungiwa ghalani na hulindwa kwa bunduki miaka nenda rudi. Kenya wao walichoma tani 12 mwaka 1989, wakachoma tena tani 105 mwaka 2016. Kwa nini jino la tembo aliyejifia lisiuzwe kwa idhini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, fedha ikalipe askari wa wanyamapori na vijiji vinavyopakana na hifadhi? Na bustani ya wanyama ya ng'ambo ikitaka kununua tembo wachache wakiwa hai, tunakataa kwa lipi? Leteni hoja, machozi wekeni pembeni.

Pori kwa Pori: Mkuu, hilo limeshajaribiwa mara mbili. Mwaka 1999 Botswana, Namibia na Zimbabwe waliiuzia Japani takribani tani 50. Mwaka 2008 hao watatu pamoja na Afrika Kusini wakawauzia Japani na China takribani tani 102, wakapata kama dola milioni 15. Gawanya mwenyewe: dola 150 kwa kilo. Mwanzoni mwa 2014 kilo ya jino ghafi ndani ya China ilifika dola 2,100. Mwenye tembo ndiye aliyeambulia makombo.

Halafu tazama tundu lilipokuwa. Utaratibu wa China ulitaka bidhaa ya duka lenye leseni iwe na kadi yenye picha yake. Mnunuzi akiondoka bila kadi, kadi inabaki dukani na inapewa kinyago kingine kinachofanana na kile. Kadi moja inahalalisha kinyago cha pili, cha tatu, mpaka ichakae. Jino likishachongwa, hakuna jicho linaloweza kukuambia kama tembo wake alikufa kwa uzee hifadhi ya Chobe kule Botswana au kwa risasi Selous. Hapo ndipo biashara halali inapogeuka sabuni ya kusafishia haramu.

Mzani: Nakubali kadi ilikuwa na tundu. Lakini usichukue mambo mawili yaliyofuatana ukasema moja limezaa jingine. Baada ya 2008 kipato cha Wachina kilipanda kwa kasi, na hicho peke yake kinapandisha bei. Na tuitazame Tanzania: sensa ya 2009 tembo 109,051, ya 2014 tembo 43,330. Katika miaka hiyo hatukuuza hata kilo moja kihalali. Tuliomba kwenye mkutano wa CITES wa Doha mwaka 2010 tuuze takribani tani 90, tukakataliwa. Basi marufuku ilituokoa nini?

Nyara: Swali zuri, ila linajijibu. Jangili wa Selous hahitaji Tanzania iuze. Anahitaji mahali fulani duniani ambapo jino linaweza kuwekwa kabatini, taa ikawashwa, likauzwa mchana kweupe. Vipimo vya vinasaba vya shehena kubwa zilizokamatwa kati ya 2006 na 2014 vilionyesha kuwa sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana ilitoka ukanda mmoja, kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Novemba 2013 yalikutwa meno 706 kwenye nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, yakiwa magunia kwa magunia pamoja na makombe ya konokono na vitunguu saumu. Kitunguu saumu si kiungo hapo, ni cha kuua harufu. Mwezi huohuo Zanzibar kikakamatwa kiasi cha tani karibu tatu ndani ya kontena la makombe. Mtu hajisumbui hivyo kama huko mwisho wa safari hakuna soko. Yang Fenglan, yule mfanyabiashara wa Kichina aliyeitwa malkia wa meno ya tembo, alihukumiwa miaka 15 pale mahakama ya Kisutu mwaka 2019, lakini ilichukua miaka mingi kumfikia mtu wa ngazi hiyo. Wanaojaa magerezani ni wabeba mizigo.

Sasa niseme na la ghala, maana watu wanaliongelea kama stoo ya mahindi. Jino zima huwekwa alama pale linapotokea kwenye fizi: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za mwaka, namba ya mfululizo, na uzito kwa kilo. Kwa hiyo TZ 09/127/14 ni jino la 127 la mwaka 2009, kilo 14. Alama hugongwa kwa chuma, au huandikwa kwa wino usiofutika. Kila nchi hutakiwa kupeleka hesabu ya akiba yake CITES kabla ya tarehe 28 Februari. Mambo huharibika wapi? Jino hukauka, likapungua uzito. Mkaguzi anakuta gramu hazilingani na daftari, anaambiwa "limekauka tu", na mwaka unaofuata jino kubwa limebadilishwa na dogo kwa maelezo hayohayo. Uganda mwaka 2014 ilipoteza zaidi ya tani moja kutoka ghala la serikali. Mlango haukuvunjwa na tembo.

Pori kwa Pori: Kwa hiyo wewe ni wa kuchoma.

Nyara: Sijasema. Jino halishiki kama kuni. Ukiliwasha linababuka nje, ndani linabaki zima, na mtu mwenye patasi anaweza kulirudia. Ndiyo maana moto wa Nairobi wa 2016 ulilishwa mafuta kwa mabomba na ukawaka siku kadhaa. Na kabla ya kiberiti kuna kazi: hesabu upya, pima, toa sampuli. Shehena iliyokamatwa ikifika kilo 500, CITES inataka sampuli zipelekwe maabara ndani ya siku 90. Anayechoma kabla ya hapo anachoma ushahidi, na kuna wakubwa wangependa sana moto wa namna hiyo. Msimamo wangu: kaa nayo, hesabu kila mwaka mbele ya mtu wa nje, usiuze. China ilifunga soko lake mwisho wa 2017, na bei ilikuwa imeshashuka kufikia kama dola 730 kwa kilo mapema mwaka huo. Japani bado haijafunga: jino zima lazima lisajiliwe, ila likishakatwa vipande vya kuchongea mihuri, vipande havisajiliwi. Ukiuza leo, utauzia tundu hilo.

Mganga wa Pori: Nije kwenye tembo hai, kwa sababu wengi wanafikiri ni kama kuhamisha ng'ombe. Wanaotakiwa na bustani ni watoto, kwa kuwa wanaingia kwenye kreti na wanafundishika. Ili kumpata, helikopta inalitenga kundi, mtoto anapigwa sindano ya usingizi, halafu helikopta hiyohiyo inawafukuza mama na shangazi ambao hawataki kuondoka. Dawa ni etofini, na dakika zinahesabiwa. Akiangukia kifua lazima avutwe alale ubavu, la sivyo uzito wake unayabana mapafu na anakosa pumzi. Ncha ya mkonga huwekewa kijiti ili tundu lisizibe, sikio linafunikwa juu ya jicho, maji yanamwagwa mwilini maana joto humpanda upesi. Yote hayo hufanyika vizuri mikononi mwa wanaojua. Tatizo linaanza akizinduka: jike huishi na ukoo wake maisha yote, na wewe umemng'oa akiwa bado ananyonya.

Utafiti wa 2008 ulilinganisha majike wa Kiafrika waliozaliwa kwenye bustani za Ulaya na wa pori la Amboseli, Kenya. Wa bustani, umri wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 16.9. Wa Amboseli waliokufa kwa sababu za asili, 56.

Mzani: Takwimu hizo zimechanganya bustani za zamani zenye sakafu ya zege. Siku hizi wanawawekea mchanga.

Mganga wa Pori: Kweli, mchanga umesaidia miguu. Haujarudisha ukoo. Agosti 2019 Geneva, CITES iliamua tembo wa Kiafrika aliyekamatwa porini asipelekwe nje ya maeneo yake ya asili isipokuwa kwa hali ya kipekee. Zimbabwe iliwapandisha ndege watoto zaidi ya 30 kwenda China Oktoba, uamuzi ukiwa haujaanza kutumika. Mwaka 2022 Namibia nayo ikapeleka 22 Falme za Kiarabu. Na 22 kati ya maelfu hawapunguzi msongamano wowote, kwa hiyo hoja ya "wamezidi" hapa haina miguu. Wakizidi, wahamishie pori lenye nafasi: Malawi ilihamisha 520, wengi wao kwenda hifadhi ya Nkhotakota, 2016 na 2017, ukoo kwa ukoo, mama na wanawe lori moja.

Mpakani: Mganga, umeruka hifadhi ya Kasungu. Mwaka 2022 Malawi hiyohiyo ilipeleka tembo 263 kule, uzio ukiwa haujakamilika, na watu wameuawa pande zote mbili za mpaka na Zambia. Ninyi nyote mnajadili bei ya jino na mimi najadili ekari mbili za mahindi zinazoliwa usiku mmoja. Kifuta jasho hucheleweshwa hadi mtu anasahau alilima nini. Jangili akija kumwuliza mtu huyo njia, mnategemea atapiga simu kwa askari?

Mzani: Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo! Fedha.

Mpakani: Fedha ya 2008 ilikuwa na sharti iende kwenye uhifadhi na jamii, na bado dola milioni 15 kwa nchi nne ni kitu kidogo. Mimi nataka kamba ya katani, pilipili ya unga na oili chafu. Unachanganya, unapaka kamba na vitambaa, unazungusha shamba. Mvua ikinyesha unapaka upya, na hapo ndipo mradi hufia: mwaka wa kwanza oili inaletwa, wa pili haiji. Mizinga ya nyuki inadumu zaidi, mmoja kila mita kumi, waya mmoja ukiiunganisha ili tembo akisukuma yote itikisike. Ila kiangazi nyuki wanahama usipowawekea maji, na mzinga mtupu tembo anaujua.

Nyara: Na nani analipia oili ya mwaka wa pili?

Mpakani: Hilo ndilo hamjalijibu, wauzaji wala wachomaji.