London hadi Tokyo: kilomita 9,600 zinakulaje saa 14?

Mgeni_wa_Anga:
Habari zenu wakuu. Natarajia kwenda Tokyo kutokea London mwezi wa kwanza, ila hesabu zinanigomea. Kila nikipima umbali napata kilomita 9,600 hivi. Ndege kubwa inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo nilitegemea saa 11 kasoro. Tiketi ya moja kwa moja inasema saa 14! Kweli haitui popote? Ipo pia ya kubadilisha ndege njiani, jumla saa 19, nafuu kidogo. Nyie mngechukua ipi?

Dira:
Haitui popote, mkuu. Hizo 9,600 ni njia ya mkato juu ya tufe, na mkato huo unapita Siberia, kaskazini mwa Urusi. Tangu Februari 2022 Urusi imeyafungia anga mashirika ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, na ya Japani nayo yanaikwepa. Sasa ndege inazungukia kusini: Uturuki, Kaukazi, Kazakhstan, China, ndipo Japani. Zamani ilikuwa saa 12 hivi. Walioumia zaidi ni wa Helsinki, Finland. Toka kwao hadi Tokyo ilikuwa saa 9 na ushee, leo kama 13.

Rubani_wa_Kochi:
Na upepo je? Huko juu, kilomita 10 hivi, kuna mkondo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ndiyo unakuwa mkali. Ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Ndiyo maana baadhi ya ndege za kurudi London hazigeuzi: zinazidi kwenda mashariki, zinapita Alaska, Greenland, zinaingia London kwa upande wa pili. Yaani tiketi ya kwenda na kurudi inakuzungusha dunia nzima, bure kabisa 😄

Halafu muda wa tiketi unaanza ndege inapoondoka getini, si inapopaa. Foleni ya kurukia imo humo.

Mgeni_wa_Anga:
Sawa. Ila imeandikwa kuondoka 10:00, kufika 09:00 kesho yake. Si saa 23 hizo?

Dira:
Kila saa ni ya mji wake. Januari Tokyo iko mbele kwa saa 9. 23 toa 9, zinabaki 14. Kuanzia mwisho wa Machi tofauti inakuwa 8, maana Uingereza husogeza saa, Japani haisogezi.

Mama_Mabegi:
Mwanangu, hiyo ya saa 19 ni tiketi moja au mbili? Kama ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa shirika ndilo litakutafutia nyingine. Zikiwa mbili, imekula kwako. Na begi utalichukua mwenyewe ukalikabidhi upya, pengine upite uhamiaji wa nchi ambayo viza yake huna. Moja kwa moja ichoshe tu, ila uwe unainuka kutembea, damu isigande miguuni.

Mgeni_wa_Anga:
Duh, nimecheki, ni mbili, na katikati dakika 70 tu. Nakata ya moja kwa moja. Rubani, dirisha la upande gani kurudi?

Rubani_wa_Kochi:
Kushoto, ndiko kaskazini. Januari huko ni giza karibu njia nzima, ukibahatika unaona mianga ya ncha, ile mwanga ya rangi inayocheza angani huko kaskazini. Ila njia hupangwa kila siku kufuata upepo, kwa hiyo yako inaweza isipite huko.

Mgeni_wa_Anga:
Nachukua kushoto hivyohivyo.