Nani anastahili medali ya waliookoa Wayahudi?

Mwl_Upanga: Wakuu, vijana wa kidato cha nne hapa Dar wanaandaa bango la waliookoa Wayahudi. Yad Vashem, kituo cha Israeli cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, wanatumia vigezo gani kutoa medali?

Nyaraka_Kkoo: Mwalimu, asiwe Myahudi, awe alihatarisha maisha au uhuru wake, na asiwe alidai malipo kama sharti la kusaidia. Kisha ushahidi: maelezo ya waliookolewa, au nyaraka za wakati ule. Ombi likija na sifa za ukoo tu, linakwama.

BintiKigamboni: Mwekeni Mohamed Helmy, daktari Mmisri aliyemficha msichana wa Kiyahudi Berlin. Alitambuliwa 2013, keshafariki tangu 1982.

Mwl_Upanga: Medali ya marehemu anapewa nani?

Nyaraka_Kkoo: Ndugu wa karibu, pamoja na cheti. Jina huandikwa ukutani Yerusalemu. Msiandike “hupandiwa mti”, nafasi iliisha zamani.