Je, kuitwa "mvivu wa Pwani" hujibiwaje?

Muulizaji, Amu (mji wa Lamu): Assalaam aleikum. Kila nijitambulishapo Nairobi kuwa mzaliwa wa Lamu, huambiwa kwa kicheko kwamba sisi ni wavivu, nami, mwana wa mchonga milango, hukosa la kusema.

Jibu, Matondoni (kijiji kisiwani Lamu): Waaleikum salaam, mwanangu. Mgeni hutuona adhuhuri tumekimbilia kivuli, asijue kwamba fundi wa jahazi amekuwa akitia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, tangu baada ya sala ya alfajiri. Mji wetu wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, ulijengwa na nani?

Jibu, Malindi: Kweli, ila nasi tuna lebo zetu: huku kijana akizungumza Kiitaliano huitwa "bichi boi", yaani kijana wa kuwinda watalii ufukoni, hata akiwa karani.

Muulizaji: Hilo, kwa aibu, nimewahi kulitamka.