Lambo limefunikwa na gugu maji, kingo zimejaa lantana: je, tusaini mkataba huu?

Katibu wa Kikundi, Magu

Habari zenu. Kikundi chetu cha wafugaji na wakulima wa bustani wilayani Magu kinatumia lambo ambalo maji yake ya ziada hushuka kwenye kijito kinachoingia Mto Simiyu, na kwa hiyo mwishowe Ziwa Victoria. Zaidi ya nusu ya lambo sasa imefunikwa na gugu maji, na juu ya tuta na kando ya kijito vichaka vya lantana vimeziba njia za kunyweshea mifugo. Mkandarasi mmoja ametuletea makadirio: atapiga dawa lambo lote kwa siku moja, atafyeka lantana, kisha tumlipe fedha zote siku atakapokabidhi eneo likiwa safi. Bei si mbaya, na baadhi ya wanakikundi wanataka tusaini kabla ya masika. Ninaomba kujua kama kazi hii hufanyika hivyo kitaalamu, na tudai nini katika mkataba, ikizingatiwa kwamba lambo lina sato na kambare na watu wa kitongoji cha chini huchota maji ya kijito.

Msimamizi wa Magugu, Mwanza

Ndugu Katibu, msisaini mkataba huo jinsi ulivyo. Kinachonitia shaka kuliko dawa ni hiyo siku moja. Gugu maji likipigwa dawa hunyauka, huzama na kuanza kuozea humohumo majini, na vijidudu vinavyoliozesha hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Katika lambo lisilopitisha maji mengi, sato wanaweza kufa kwa kukosa hewa hata kama dawa yenyewe haikuwagusa. Kambare huweza kuokoka kwa sababu hupanda juu kuvuta hewa, na nimeona watu wakimtumia huyo kambare kama shahidi kwamba kazi ilikwenda salama. Anayejua kazi hii hutibu sehemu moja, tuseme theluthi ya eneo, akasubiri majani yaliyokufa yaoze, ndipo akahamia sehemu nyingine.

Hata hivyo, kwa lambo kama lenu mimi ningeanza kwa kuliopoa gugu kwa kamba na reki, nikaliacha lijichuje maji kabla ya kulisomba, maana zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Rundo liwekwe mahali ambapo mvua haitalirudisha lambomo. Kipande kidogo chenye chipukizi kikibaki majini, kazi inaanza upya, kwa kuwa katika maji ya joto yenye rutuba gugu hili huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa kwenye tope kwa miaka mingi zikiwa bado hai. Kwa hiyo lambo kuonekana safi siku ya makabidhiano hakuthibitishi lolote.

Ikiwa dawa italazimu, mkandarasi awaonyeshe kibandiko chake. Iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na maelezo yake yaruhusu matumizi juu ya maji. Glaifosati (dawa ya kuua magugu) nyingi za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya shamba, na baadhi huchanganywa na viambato vya kuifanya ishike kwenye jani ambavyo hudhuru samaki na vyura. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria iarifiwe mapema, na wanaochota maji kijitoni waambiwe siku ya kazi na muda wa kusubiri. Mkandarasi akikataa kutaja jina la dawa, mazungumzo yaishie hapo.

Lantana ni habari nyingine. Kuifyeka tu ni kuipogoa, kwani huchipua kutoka kwenye kisiki ikiwa na matawi mengi kuliko awali. Ikatwe karibu na ardhi, na kisiki kipakwe dawa kwa brashi papo hapo kabla jeraha halijakauka. Mtu asinyunyizie kwa bomba kando ya kijito. Miche midogo ing'olewe udongo ukiwa na unyevu. Juu ya tuta, lakini, msing'oe vichaka vikubwa, kwa sababu mashimo ya mizizi hulegeza udongo na lambo linaweza kuanza kuvuja. Panapobaki wazi pandeni nyasi mara moja. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye kingo za vyanzo vya maji, kwa hiyo wazo la kuleta trekta kusafisha kingo zote lisipewe nafasi.

Afisa Mifugo Mstaafu

Naongeza mawili. Lantana ni sumu kwa ng'ombe: huharibu ini, kisha ngozi, hasa penye rangi nyeupe, huungua kwa jua. Kwa kawaida huikwepa, ila nyasi zikiadimika huila, basi marundo yaliyokatwa yazungushiwe uzio. La pili, konokono wanaoeneza kichocho hupenda kukaa kwenye mizizi ya gugu maji. Vijana watakaoopoa wavae buti ndefu na glavu, na gharama ya vifaa hivyo iandikwe katika makadirio.

Mdau wa Ziwa, Kisumu

Mbona hakuna aliyetaja mbawakavu wa Neochetina, wadudu wanaokula gugu maji? Waliachiliwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1990, na mwishoni mwa muongo huo gugu lilipungua sana bila ziwa zima kupigwa dawa. Ni rahisi kuliko mkandarasi yeyote.

Msimamizi wa Magugu, Mwanza

Ndugu yangu wa Kisumu, mbawakavu walifanya kazi kubwa, ingawa mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 navyo vinatajwa miongoni mwa sababu. Ila wanahitaji miaka kadhaa kujenga idadi ya kutosha, na ukiopoa au kuua gugu lote unawanyima chakula na makazi. Katika lambo ambalo watu wanalihitaji msimu huu, sitawategemea peke yao. Wanafaa zaidi kwenye ghuba na mito mikubwa ambako mkono haufiki.

Kwa upande wa malipo, Ndugu Katibu, ningegawa fedha: sehemu baada ya awamu ya kwanza, sehemu baada ya kila marejeo ya mkandarasi kuondoa yaliyoota tena, na kiasi cha maana kibaki hadi msimu mmoja wa mvua upite, kwa sababu ndipo mbegu za lantana na mabaki ya gugu maji yatakapojitokeza. Marejeo ya mwanzo yawe ya kila wiki mbili. Na lipo jambo lisilo la mkandarasi kabisa: samadi na mbolea ya bustani zinazotiririkia lambomo ndizo zinazolilisha gugu. Jengeni birika la kunyweshea nje ya tuta, na mwache ukanda wa nyasi kati ya bustani na maji, kabla ya kulipa awamu ya pili.