Ulinganisho: mashine ya pili, Kanta, au tanuri? Kinu cha mafuta ya nazi, Malindi

Mkamuzi_Ganda
Asalam aleykum jamani. Naombeni mawazo yenu manake hii kitu imeninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Nakamua mafuta ya nazi huku Ganda, nje kidogo ya Malindi mjini. Nina mashine moja ya fezi tatu, imeandikwa kilo 100 kwa saa, na vijana watano. Nazi nanunua kwa wakulima wa huku huku na nyengine zatoka Magarini, tunafua makumbi (maganda ya nje), tunavunja, tunaanika mbata, yaani nyama ya nazi, juani, tunakamua, tunajaza madumu ya lita 20 na chupa ndogo. Wateja wako Mombasa na wawili Nairobi. Oda ziko, wallahi oda si shida, shida ni mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naona mauzo yamepanda na mfukoni hamna kitu.

Nimeweka akiba kidogo na mjomba amekubali kuniongezea, lakini zatosha kitu kimoja tu. Ama ninunue mashine ya pili, ama Kanta (lori dogo) iliyotumika niwache kukodi gari kwenda Mombasa, ama nijenge tanuri la kukaushia mbata na niezeke stoo vizuri. Kijana wangu wa mashine asema mashine, mamangu asema Kanta kwa sababu yaonekana na yauzika, mke wangu asema tanuri. Nyinyi mwaonaje?

Fundi_Shella
Waaleykum salam. Kabla sijasema lolote nikuulize, hiyo mashine yako yazunguka saa ngapi kwa siku? Sio saa za kufungua mlango, nauliza saa ambazo mbata imo ndani na mafuta yanatoka. Manake nimeingia vinu vingi kuanzia Kilifi mpaka huko Marereni, tajiri akwambia mashine haitoshi na ukikaa pale asubuhi mpaka adhuhuri waiona imelala.

Na kitu chengine, chukua shudu, yale makapi yabakiayo baada ya kukamua, likiwa bado na joto ulifinye ndani ya karatasi ya daftari. Likiwacha doa kubwa la mafuta basi skrubu ya ndani ya kukamulia imelika au haijakazwa sawa. Fanya hesabu hii: tani moja ya mbata nzuri ina mafuta kama kilo 600 na zaidi. Shudu likibaki na mafuta asilimia 15 badala ya 8, hapo wapoteza kilo 30 na kitu kwa kila tani, na wamuuzia mfuga ng'ombe mafuta yako kwa bei ya mashudu. Hiyo ni pesa yakutoka kila siku na hakuna mtu aiona.

Dereva_wa_Njia
Mimi ni wa Kanta miaka kumi na moja Malindi Mombasa. Ndugu usinunue gari kwa hasira ya kukodi. Kwenda ni kilomita kama 120, kurudi 120, gari lanywa dizeli pande zote mbili na wewe mzigo wako ni wa upande mmoja. Mwenye gari apata faida kwa mzigo wa kurudia, simenti, soda, unga, mabati, na huo mzigo wataka mtu wa kuutafuta, wataka kulala Mombasa siku mbili ukisubiri, wataka kujuana na watu wa magodauni. Wewe ni mtu wa kinu, nani atakaa Changamwe huko Mombasa asubiri mzigo? Na EPRA, wale wa serikali wapangao bei, wakibadilisha bei ya dizeli tarehe 14 wewe ushawaahidi wateja bei yako.

Ukikodi, kodi gari ambalo lilileta mzigo Malindi na linarudi tupu. Huyo wa kurudi tupu hata nusu bei atakubali. Mimi mwenyewe hukubali.

BiHesabu_Watamu
Hapo kwa Dereva naunga mkono, lakini tuiweke kwa tarakimu ili asidhani twamtisha. Kakangu chukua kalamu. Hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme kukodi ni shilingi 15,000 kwa safari. Ukiwa na lako, dizeli, dereva, taniboi na vidogo vidogo vya njiani vyala 9,000. Umeokoa 6,000 kila safari. Sasa gari liende lisiende, mwezi ukiisha kuna bima, ukaguzi, mataya yanachakaa, sabisi, na gari lenyewe lazeeka, kwa hiyo lazima utenge kitu cha kununua jengine. Tuseme zote zafika 60,000 kwa mwezi. Gawanya 60,000 kwa 6,000, ni safari 10 kila mwezi ndio kwanza uwe sawa na mtu anayekodi. Wewe wapiga safari ngapi?

Pia hesabu zako nahisi hazitenganishi mauzo na pesa. Mbata iliyo kwenye majamvi, madumu yaliyojaa stoo, na zile chupa tupu ulizonunua nyingi kwa sababu zilikuwa bei rahisi, zote hizo ni pesa zimelala. Ndio sababu mauzo yapanda na mfuko hauna kitu. Wateja wa Nairobi nao walipa baada ya siku ngapi?

Nahodha_Amu
Salaam kutoka Amu, kisiwani Lamu. Mimi si mtu wa nazi, nina karakana ya mbao, twatengeneza milango, makabati na vitanda, lakini hili lako limenigusa manake nilipita hapo hapo. Mbao zangu zatoka bara kwa lori mpaka Mokowe. Pale gatini zashushwa, zapakiwa boti, zashushwa Amu, zapandishwa punda, zashushwa stoo, kisha siku ya kazi zabebwa tena mpaka karakana. Nikaona hawa watu wa boti wanila, nikanunua mashua yangu. Miezi ya mwanzo raha. Halafu ukaja msimu wa upepo wa kusi, bahari chafu, mashua yataka kupigwa kalafati, tanga lataka kushonwa, injini yataka pampu, na mimi mzigo wangu ni mara mbili kwa mwezi. Siku nyengine zote imefungwa pale yanywa maji na nahodha ataka mshahara. Nikaiuza kwa hasara.

Kilichonisaidia hakikuwa chombo. Siku moja nilikaa pale ufukweni nikihesabu kila ubao unainuliwa mara ngapi tokea lorini, nikaona kila mara ukiinuliwa kuna mkono unalipwa. Kisha nikaangalia pale karakana rundo la vipande na maranda tunayotupa. Yale maranda nimeyalipia lori, nimeyalipia makuli wa Mokowe, nimeyalipia boti, nimeyalipia punda, halafu nayachoma! Sasa nimekodi kibanda Mokowe, kijana mmoja na msumeno, mbao zakatwa vipimo kule kule na zinavuka zikiwa vipande vya mlango tayari. Mzigo umepungua, punda wamepungua, na stoo ya Amu haihitajiki kuwa kubwa tena.

Wewe nazi zako zinafika Ganda na makumbi yake?

Mkamuzi_Ganda
Ami Nahodha, nazi zaja na makumbi yake ndio. Sijawahi kuliwaza hilo hata siku moja. Kumbi peke yake ni kama thuluthi ya uzito wa nazi na mimi nalipa pikipiki na tuktuk kuyaleta kisha yajaa uani.

Bi Hesabu safari zangu ni 4, mwezi mzuri 5. Nairobi mmoja alipa siku 30, mwengine mpaka nimpigie simu.

Kijana_Maweni
Mimi napinga kidogo. Mwasema yote hayo lakini mtu mwenye mashine moja hana kiwanda, ana bahati. Shafti ikikatika leo atakaa wiki mbili akisubiri ya kutoka Mombasa au Nairobi, wateja watahamia kwa mtu mwengine na hawarudi. Mashine ya pili ni usalama hata kama haizunguki kila siku.

Fundi_Shella
Kijana una hoja na mimi siipuuzi, nimeona watu wakifungwa na shafti. Lakini usalama huo waupata kwa bei ndogo. Weka stoo skrubu moja, seti ya beringi, mikanda miwili na kontakta ya swichi, vitu ambavyo ndivyo huvunjika. Mota ikiungua kuna watu wa kusuka mota Malindi na Mombasa. Vyote hivyo havifiki bei ya mashine nzima. Mashine ya pili ikikosa mbata nayo italala ubavuni mwa mwenzake.

Chumvi_Gongoni
Nami niongeze. Nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huku Gongoni, upande wa kupakia magunia. Tulipata mafunzo ya namna Toyota walivyopanga viwanda vyao, yule mhandisi wao Taiichi Ohno alitaja aina saba za upotevu: kutengeneza kupita oda, kusubiri, kusafirisha bure, kazi ya ziada isiyotakikana, akiba iliyolundikana, mtu kutembea tembea, na bidhaa mbovu. Kwa Kijapani upotevu huitwa muda. Neno hilo hilo! Mimi tangu siku hiyo silisahau.

Kwa hiyo usiamue bado. Tundika daftari na kalamu ubavuni mwa mashine. Kila ikisimama kijana aandike imesimama saa ngapi, imeanza saa ngapi, na sababu kwa maneno mawili. Usimfokee kwa anachoandika, manake ukimfokea siku ya kwanza siku ya pili ataandika uongo. Sisi tulidhani shida yetu ni mizani ya kupimia magunia, kumbe magari yalikuwa yakija yote saa mbili asubuhi halafu kuanzia saa sita hakuna hata moja. Tukagawa saa za kuja, basi, shida ikaisha kwa magunia yaleyale na watu walewale.

Saa ikipotea pale palipobana, yaani hatua inayochelewesha nyengine zote, imepotea kiwanda kizima. Ukiongeza nguvu mahali ambapo hapajabana walundika tu.

Mkamuzi_Ganda
Nimerudi, samahanini nilinyamaza. Daftari nimelitundika siku sita, saa 8 kwa siku, jumla saa 48. Mashine imezunguka saa 21. Nimesimama nikaisoma mara mbili. Saa 27 imelala, na katika hizo saa 15 ni kusubiri mbata ikauke, saa 3 stima, saa 4 hakuna madumu safi ya kujazia, saa 5 mikanda na kusafisha.

Na hii si masika, hili ni jua la kaskazi! Mwezi wa tano mvua ikishika mbata zangu huota ukungu, mwaka jana nilitupa magunia mazima, mafuta yake yana harufu na ile kuvu ina sumu. Shudu pia nimelifinya Fundi, karatasi imeloa mpaka upande wa pili.

BiHesabu_Watamu
Mke wako alijua. Basi mashine unayo nusu nzima haijatumika, imo humo humo ndani ya hiyo moja.

Fundi_Shella
Skrubu ije kwanza, hiyo ni kazi ya siku mbili. Kisha tanuri. Jua likiwa zuri mbata yataka siku tano mpaka saba, tanuri zuri siku mbili tatu na halijali mvua. Moto upate kwa vifuu vyako, vinawaka vikali na moshi ni mdogo. Lakini moshi usipite kwenye mbata, jenga na bomba la kutoa moshi nje, la sivyo mafuta yatanuka na wateja wa kupaka mwilini hawatayataka. Moto uwe wa polepole, mbata ikigeuka rangi ya kahawa umeiunguza. Makumbi waachie wakulima shambani, nunua zilizofuliwa.

Dereva_wa_Njia
Na za Nairobi usitie chupa za shingo nyembamba. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kule mwezi wa saba yatakuwa jiwe na mteja adhani yameharibika arudishe, na kurudisha walipa wewe. Tia kwenye mikebe ya mdomo mpana. Nimebeba marejesho ya namna hiyo, naongea nilichokiona.

Mkamuzi_Ganda
Alhamdulillahi, hilo la kuganda ndilo huyo mteja wa pili anizungushia malipo kwalo, sasa nimeelewa. Kanta nimeiwacha. Mamangu nimemueleza kwa zile safari 10 za Bi Hesabu, amenyamaza kisha akasema tanuri liezekwe bati na si makuti, manake moto na makuti havikai pamoja.

Fundi, uwanja nilionao ni futi 20 kwa 14, upepo wa kusi wapiga kutoka upande wa mlango. Tanuri niliweke wapi?

Fundi_Shella
Mdomo wa moto usielekee kusi, upepo utakurudishia moshi ndani. Usichimbe kitu bado. Jumamosi baada ya alasiri nitapita na futi kamba, weka mbata za gunia moja kando tupime zinachukua nafasi gani juu ya wavu.