Naomba ushauri: kikundi chetu cha kusaidia watu kinaanza kupoa

Wakuu habari, tuna kikundi hapa Mwanza, vijana wa Kirumba na Igombe, kila mwezi tunachanga halafu tunaangalia hela itasaidia wapi zaidi, siyo zile za kupeleka sabuni, kupiga picha na kusepa. Kuna jamaa yetu kichwa kweli, ndo katufungua macho kuhusu kichocho huku ziwani, mtu anameza prazikwanteli anapona halafu anarudi kwenye maji yaleyale kufua au kuvuta nyavu anaambukizwa tena maana konokono wanaobeba vimelea bado wapo na vinyesi bado vinaingia ziwani kuwaambukiza, kwa hiyo tuweke nguvu kwenye vyoo pia. Hoja safi, shida mdomo. Mtu akisema tumchangie mama aliyefiwa anajibiwa mbele ya wote "hayo machozi, siyo hesabu". Wadada kadhaa washaacha kuja, mweka hazina naye kachoka, kila kitu yeye.

Nimewaza tutenge kamfuko ka rambirambi pembeni na uongozi uwe wa kupokezana, ila jamaa akisusa tutabaki kikundi cha pilau tu (mnavijua). Mliowahi kuendesha vitu hivi, mtu kama huyu mnaongea naye vipi bila kumpoteza? Na mapato na matumizi mnasomeana wote au viongozi tu?